Minazi ya Mvuke

Minazi ishirini na minne ilifika Naivasha kwa lori lililofunikwa turubai, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, na watu wa mtaa wa Karagita waliokuwa wakienda zamu walisimama kando ya barabara wakaicheka. Miti ya pwani imefuata nini huku, ambako watu hawavui majaketi mpaka saa nne? Kila mnazi ulikuwa ndani ya ndoo nyeusi ya plastiki, kimo chake kikifika bega la mtu mzima, makuti yamekusanywa juu na kufungwa kamba yasivunjike njiani.

Edinah Nasimiyu hakucheka. Yeye ndiye aliyeambiwa ataitunza, na hakujua hata pa kuanzia. Alikuwa hajawahi kufika pwani. Nazi alizozijua ni zile za sokoni, kavu na zenye manyoya.

Lakini wadudu aliwajua. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa skauti katika mashamba ya waridi, yaani mtu wa kupita kati ya mistari ya maua akipindua majani na kutazama kwa lenzi ndogo aliyoivaa shingoni kama mkufu, ili aseme ni mstari gani umeingiliwa. Macho yake yalikuwa na sifa. Wenzake, waliomwita Mama Sitati kwa jina la mwanawe, walisema anaweza kuona utitiri mmoja ukikohoa. Ndiyo sababu alichukuliwa na kampuni ndogo iliyokuwa na kazi ya ajabu kidogo: ilifuga wadudu. Ilifuga utitiri unaokula utitiri mwingine, ikauza kwenye mashamba ya maua yaliyochoka kunyunyiza dawa.

Sasa kampuni hiyo ilikuwa imepewa kazi ya minazi.

"Kuna nzi weupe wanakausha minazi huko chini," alieleza Kosgei, meneja, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. "Wanafyonza utomvu, wanaacha utamu juu ya majani, ukungu unaota, mti unakuwa mweusi kama sufuria ya kuni. Mti hauzai tena. Watafiti wamepata nyigu mdogo anayewamaliza. Sisi tutamzalisha hapa."

"Kwa nini hapa, bosi? Si wamzalishe huko huko minazi iko?"

"Hapa tuna mvuke wa kupasha joto. Tena nzi wakitoroka hapa, wataenda wapi? Hakuna mnazi kutoka hapa mpaka Gilgil."

Hivyo ndivyo Nasimiyu alivyokabidhiwa grinhausi namba sita, iliyokuwa ya vioo na yenye milango miwili, mmoja baada ya mwingine, ili kitu kisitoke. Ndani yake minazi ilipangwa juu ya meza fupi za chuma, na bomba nene lilipita kando ya ukuta likileta joto la mvuke uliotoka ardhini. Nje watu walipuliza vidole. Ndani jasho lilimtiririka mgongoni.

Aliyeshika usukani wa joto hilo alikuwa Nasrudin, fundi wa mabomba, kijana wa miaka thelathini kutoka Bondeni, Nakuru. Babu yake alikuja na reli kutoka Msambweni, pwani, akabaki. Siku ya kwanza Nasrudin alipoingia kupima joto, alisimama katikati ya minazi, akashika jani moja akalivuta kati ya vidole kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Mathe, hii yenu iko na bahati," alisema. "Ya mama yangu inakufa."

"Mama yako ako na minazi?"

"Alirudi Msambweni baba alipofariki. Aliachiwa miti thelathini na kitu. Saa hii ukipiga simu, habari ni minazi tu. Imekuwa nyeusi, dafu hakuna, makuti yenyewe hayafai kuezekea." Alitazama huku na huku. "Na nyinyi ndio mnafuga hao hao wadudu?"

"Tunawafuga ili waliwe."

"Mdudu ale mdudu, miti ipone?" Nasrudin alicheka, lakini si kwa dharau. "Haya. Mimi nitawapea joto."

Nzi weupe waliletwa kwanza. Kwa mwezi mmoja Nasimiyu aliwaacha washibe na kuzaana, jambo lililomwasha nafsi, maana maisha yake yote aliwatafuta wadudu ili wauawe. Walitaga mayai chini ya majani kwa mizunguko kama alama za vidole. Watoto wao walijibandika pale pale, bapa kama magamba, wakajifunika nta nyeupe hadi upande wa chini wa makuti ukafanana na pamba iliyochanwa. Ndipo nyigu wakaja, ndani ya kasha la barafu. Hawakuwa nyigu bado. Vilikuwa vipande kumi na kimoja vya jani la mnazi, na juu yake magamba yapatayo sitini, meusi, makavu. Kila gamba, alisema mtafiti aliyeyaleta, lilikuwa mtoto wa nzi mweupe aliyekwisha kuliwa ndani, na aliyemla alikuwa amelala humo humo.

Walitoka kumi na tisa tu. Nasimiyu aliwaona ndani ya kichupa kwa kukiinua kwenye mwanga: vumbi la manjano linalotembea. Aliwafungulia katikati ya minazi, wakapotea, kama mtu ametupa punje kumi na tisa za chumvi katika ziwa Naivasha.

Wiki ya pili hakuona gamba lililogeuka rangi. Wiki ya nne aliona matatu. Wiki ya sita nzi walikuwa wengi kiasi kwamba ukigusa mnazi waliruka kama unga, majani yananata, na masizi ya ukungu yameanza kutanda juu. Nasimiyu alikuwa akirudi nyumbani na utamu ule mikononi na kwenye leso, akinawa mara mbili.

Jumatatu Kosgei aliingia, akatazama, akatoka. Saa sita alimwita.

"Ijumaa tunafunga," alisema. "Tutakata miti, tutachoma, tutaosha nyumba kwa sabuni. Nimewaandikia wale watafiti. Nyigu hawakushika."

"Bosi, kuna magamba matatu meusi."

"Matatu kwa wiki sita. Nasimiyu, hata wewe unajua hesabu hiyo."

Alijua. Ndiyo maana hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu: asipewe kazi nyingine kesho, aachwe ndani akae. Kosgei aliinua mabega, ishara ambayo kwake ilikuwa sawa na ndiyo.

Jumanne saa mbili asubuhi alichukua kreti tupu la plastiki, akaligeuza, akakaa mbele ya mnazi wa tisa, ule uliokuwa na yale magamba matatu. Akachagua jani moja, akalipindua, akalifunga kwa uzi lisitikisike. Kisha akaweka lenzi jichoni na kufanya jambo ambalo kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kupewa nafasi ya kulifanya. Skauti hutembea. Hutazama, huandika, husonga mbele; mistari ni mingi na siku ni fupi. Leo hakusonga. Alitazama mahali pamoja, pasipozidi ukucha wa kidole gumba.

Saa nzima hakuona kitu. Shingo ilimuuma. Jasho liliingia machoni.

Halafu nyigu akaja, akitembea kwa miguu. Alikuwa mdogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi, manjano, mabawa yake yamelala mgongoni kama kanga nyepesi. Mbele alinyoosha vipapasio viwili na kugonga jani, tap, tap, tap, huku na huku, kama kipofu anayetafuta mlango kwa fimbo. Alifika kwenye gamba moja, akaligonga pembeni, akalizunguka, akaliacha. Akaenda kwa la pili. Hili alilipanda. Aligonga mgongo wake wote, taratibu, pole pole, akashuka, akageuka akaliacha nyuma yake, akaanza kurudi kinyumenyume. Nasimiyu aliikaza lenzi jichoni. Alijua kinachofuata: angechoma, angeweka yai moja ndani, na hukumu ya yule mtoto wa nzi ingekuwa imeandikwa.

Sisimizi akatokea kama mtu anayemkimbiza mwizi, mweusi, mkubwa kama gari karibu na yule nyigu. Nyigu aliruka akapotea. Sisimizi alizunguka lile gamba mara mbili. Kisha akafanya kitu kilichomfanya Nasimiyu aondoe lenzi, afute jicho, na kuirudisha. Alilipapasa lile gamba kwa vipapasio vyake, kwa upole, kushoto na kulia, na gamba likatoa tone moja lenye kumetameta. Sisimizi akalinywa, akahamia gamba la pili, akapapasa, tone likatoka. Kisha la tatu.

"Anakamua," Nasimiyu alisema kwa sauti, peke yake ndani ya jumba la vioo. "Mungu wangu, anakamua."

Alikaa pale mpaka saa saba. Nyigu walikuja, hesabu yake ilifika kumi na nne, au labda ni yule yule mmoja amerudi mara kumi na nne, hakuweza kujua. Kila mara sisimizi alikuja kabla kazi haijaisha. Walikuwa na zamu. Walikuwa na njia yao kwenye shina, wengine wakipanda na njaa, wengine wakishuka na matumbo yamejaa utamu hadi yanapitisha mwanga. Kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na wachungaji, na kulikuwa na malisho yanayolindwa, vyote juu ya jani ambalo alikuwa amelipita mara mia akiona uchafu mweupe. Alihisi kichwa kikimzunguka, si kwa joto. Alijiona kama mtu aliyeishi miaka mingi kando ya mji mkubwa akidhani ni kichaka.

Nasrudin alipoingia kupima joto alimkuta amesimama, macho mekundu, uso umelowa.

"Mathe, uko sawa?"

"Kuja uone. Usiguse kitu. Weka jicho hapa."

Nasrudin aliinama. 

"Hako kadudu kanafukuzwa," alisema mwishowe.

"Kamefukuzwa tangu asubuhi. Nyigu hawajakataa kazi, Nasrudin. Wamenyimwa nafasi. Hao sisimizi wanatoka wapi? Mimi nilifunga milango yote."

Walifuata msafara, yeye akiwa amepiga magoti, Nasrudin amelala kifudifudi na tochi ya simu. Ulishuka shina, ukavuka ukingo wa ndoo, ukapita mguu wa meza, ukaambaa sakafuni hadi ukutani. Hapo ukaingia ndani ya blanketi la pamba ya kioo lililozungushiwa bomba la mvuke. Nasrudin alilegeza waya, akafunua kidogo. Ndani, kwenye joto lile tamu, sisimizi walikuwa wamejaa na mayai yao, maelfu, wakichemka kama uji.

"Ni bomba langu," alisema polepole. "Mimi ndio nimewajengea nyumba."

"Si kosa lako. Walihisi joto tu."

"Nipige dawa?"

"Ukipiga dawa unaua nyigu pia."

Walimwita Kosgei. Aliomba lenzi. Alivua kofia, akapinda urefu wake wote mpaka goti likagusa sakafu, akatazama. Dakika zilipita. Waliona kidole chake kikianza kugonga goti, kidogo kidogo, bila yeye kujua, kwa mwendo ule ule wa vipapasio vya nyigu.

"Mimi nimesomea hawa wadudu," alisema alipoinuka. "Niliwaona kwenye vitabu. Sikuwahi kukaa chini." Alimrudishia lenzi yake. "Mnataka nini?"

"Wiki tatu," Nasimiyu alisema. "Na mikebe. Mingi."

Jioni hiyo na kesho yake mchana kutwa walifanya kazi wote watatu. Kila mguu wa meza uliwekwa ndani ya mkebe wenye maji yaliyotiwa sabuni kidogo. Makuti yaliyogusa ukuta yalikatwa. Nasrudin alipunguza mvuke, akavua lile blanketi lote, akalitia pamoja na sisimizi wenyewe ndani ya gunia, akalitoa nje kwenye baridi. Halafu akalipaka bomba pete nene za girisi pale lilipoingia na pale lilipotokea. Sisimizi waliobaki juu ya minazi Nasimiyu aliwaondoa kwa brashi ya rangi, mmoja mmoja, na kila alipomwondoa mmoja alisema samahani kimoyomoyo, maana alikuwa ameona jinsi walivyokuwa hodari.

Siku tisa hazikuleta kitu. Siku ya kumi, kwenye mnazi wa tisa, gamba moja lilikuwa na doa la kijivu katikati. Siku iliyofuata doa lilikuwa jeusi. Siku ya kumi na mbili yalikuwa magamba arobaini. Siku ya kumi na tano aliacha kuhesabu. Weusi ulienea kutoka jani hadi jani, kutoka mnazi hadi mnazi, kama taa za mji zinazowashwa jioni, ila hizi zilikuwa zinawaka nyeusi.

Saa nne asubuhi, siku ya kumi na tisa, alikuwa ameweka kipande cha jani chini ya hadubini, ofisini, akitazama gamba moja jeusi tii, pale aliposhtuka. Ndani ya weusi ule kulikuwa na kitu kinachosogea. Alikimbia mlangoni akapiga ukelele, "Nasrudin! Wacha hiyo spana uje!"

Walitazama kwa kupokezana, jicho moja baada ya jingine. Kwanza kulikuwa na tundu, dogo kama lililochomwa na ncha ya sindano ya malaika, kama angekuwa na sindano. Taya mbili zilionekana zikitafuna ukingo, zikipumzika, zikitafuna. Tundu likapanuka likawa duara kamili, kana kwamba limepimwa kwa bikari. Nzi mweupe akizaliwa hupasua gamba lake kwa mkato kama herufi T, ovyo, na kuondoka. Huyu alichonga dirisha. Kikatoka kichwa, chenye macho matatu madogo mekundu juu ya utosi na mawili makubwa pembeni. Ukatoka mguu. Akajivuta, akateleza, akasimama juu ya nyumba aliyokuwa ameila, akaanza kujisafisha: miguu ya mbele ikapitishwa juu ya vipapasio, ya nyuma juu ya mabawa yaliyokunjamana, hadi yakanyooka na kuwa na rangi zote za mafuta juu ya maji.

"Subhanallah," Nasrudin alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Subhanallah, mathe. Ako na kucha."

 Nasimiyu alikuwa amekunja mikono kifuani kama afanyavyo kanisani. Alifikiria kwamba kitu hiki kilikuwa na moyo, na tumbo, na njia ya kujua jani hili na si lile. Kwamba hakuna aliyekifundisha. Na kwamba kilikuwa hivi hivi kabla ya mtu yeyote kuwa na kioo cha kukitazamia, kikichonga madirisha ya duara bila kushangiliwa na mtu. Yule nyigu akamaliza. Akageuka huku na huku, akanyoosha vipapasio, tap, tap, akashuka kwenye jani akaanza kazi.

Kufikia mwezi wa kumi na mbili walikuwa wamepeleka pwani makasha saba. Wataalamu walifungulia nyigu katika mashamba kadhaa, na moja lilikuwa jirani na la Bi Kuluthum, mama yake Nasrudin. Habari zilizorudi hazikuwa za muujiza. Shamba moja lilishika, moja halikushika kwa sababu jirani alipiga dawa, jingine bado. Kosgei alitundika ramani ukutani akawa anatia alama kwa penseli, si kwa kalamu.

Mwezi wa nne Nasrudin alienda likizo Msambweni. Nasimiyu alimwazima lenzi yake, ile ya shingoni, na siku tatu nzima alijihisi uchi.

Simu ililia saa tano mchana, akiwa kwenye kreti lake.

"Mathe! Niko juu ya mti."

"Juu ya mti kabisa?"

"Nusu. Mama anapiga kelele huko chini ati nitaanguka nimwachie mkosi." Alikuwa anahema. "Makuti ya chini bado meusi. Lakini haya ya juu, haya mapya... ni kijani, mathe. Masizi hakuna. Nimepindua jani. Magamba yako, lakini yamekauka. Ngoja nihesabu."

Akahesabu kwa sauti. Duara. Duara. Hili la T. Duara. Duara. Duara. Alipofika thelathini na moja Nasimiyu alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Alijaribu kupata picha: nyigu waliotoka kwa wale kumi na tisa, vitukuu na vilembwe wao, juu ya mti halisi, mrefu, ambao yeye hajawahi kusimama chini yake, wakitembea na fimbo zao kutoka gamba hadi gamba, shamba hadi shamba, bila mtu, bila mkebe, bila bomba.

"Uko hapo?" Nasrudin aliuliza.

"Niko." Alisikia kitu nyuma ya sauti yake, mvumo mkubwa, unaopanda na kushuka, usiokatika. "Huko kunanyesha?"

"Kunyesha? Jua linaniunguza."

"Nasikia mvua."

Nasrudin akacheka.

"Si mvua. Ni minazi hiyo, upepo umekuja. Ngoja nikunyamazie usikie."

Akanyamaza. Nasimiyu alibana simu sikioni, akafumba macho.